Ilianza Lini

Kuna mji Kinangop unaitwa Engineer. Sijatunga. Uko kwenye ramani ya Nyandarua, na ukisimama stejini utasikia makanga wakiita "Injinia! Injinia wawili, tunatoka!" bila aibu yoyote. Nilipoitwa chuo kikuu 2018 kusomea uhandisi wa mitambo, kijiji kizima kilikuwa na utani ulioiva tayari. Baba akaanza kuniita Injinia siku hiyo hiyo. Machi 2023, niliporudi nyumbani na mabegi mawili na laptop, nikisema nimekuja kuandika mradi wa mwaka wa mwisho mahali pasipo na kelele, bado aliniita Injinia, na mimi bado niliitika.

Mradi haukuwepo. Mwaka wa mwisho pia haukuwepo. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu na nyumbani hakuna aliyejua.

Wiki ya pili, Yamaha ikaisha nguvu.

Baba ni mtu wa ng'ombe, wa aina ile ambayo huku tunaita tu AI: yule anayekuja na glavu ndefu inayofika begani na mtungi mdogo wa naitrojeni, kumtia ng'ombe mbegu. Watu wanamwita Daktari na yeye hawarekebishi. Aliajiriwa na serikali, halafu miaka ya 1990 serikali ikaziachia huduma hizo watu binafsi, na akatoka na vitu viwili: ujuzi wake, na Yamaha DT 125 aliyoinunua kwenye mnada wa magari na pikipiki chakavu za serikali. Hiyo DT imenilipia karo tangu nasari. Sisemi kwa mafumbo. Kila ng'ombe ni elfu moja mia tano, na bila pikipiki hakuna ng'ombe.

Kazi yenyewe ni ya saa. Ng'ombe akionyesha dalili za joto asubuhi, anatiwa mbegu jioni. Akizionyesha jioni, ni asubuhi inayofuata. Ukichelewa, mbegu yako iliyotoka Kabete ikiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri haina maana tena, na mwenye ng'ombe anangoja siku 21 nyingine akilisha mnyama asiye na mimba. Wakulima wa Kinangop wanasamehe mengi. Hilo hawasamehi.

Kwa hivyo Jumanne ile, Baba aliporudi saa mbili usiku akiisukuma DT kwa mikono, amelowa, matope hadi magotini, hakusema mengi. Aliiegemeza kwenye ukuta wa zizi akaniambia, "Injinia, kazi yako hiyo." Akaingia ndani kunywa chai.

*

Hapa lazima nieleze nilikuwa najua nini, na nilijulia wapi.

Tangu mwaka wa pili nilikuwa nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha. Wengi wenu mnaijua hiyo kazi, na kama hukuifanya wewe, ruumeti wako aliifanya. Mtoto wa Marekani analala, wewe uko macho Juja ama Kahawa ukimwandikia kuhusu maadili ya biashara. Nilianza kwa kutafuta pesa ya chakula. Mwaka wa tatu nikawa napata kwa mwezi kuliko Baba, na Thermodynamics ikawa inaniangusha mara ya pili, na siku moja nikaacha tu kwenda darasani. Hakukuwa na uamuzi. Asubuhi moja sikwenda, na kesho yake pia.

Moja ya insha hizo, kurasa nane, ilihusu historia na utendakazi wa injini ya mipigo miwili, yaani tustroki. Niliiandika vizuri. Niliandika juu ya Dugald Clerk, Mskoti aliyeitengeneza injini ya namna hiyo mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Day, Mwingereza aliyeirahisisha kwa kutumia chumba cha kranki kama pampu. Niliandika juu ya Walter Kaaden, yule fundi wa MZ kule Ujerumani Mashariki aliyefanya bomba la ekzosi liwe kama filimbi inayorudisha mawimbi ya moshi kuzuia petroli isitoroke kabla ya kuungua, na juu ya Ernst Degner, dereva wake, aliyetoroka mwaka 1961 akaenda Suzuki na siri hizo kichwani. Mteja alipata alama A, akaniachia nyota tano.

Sasa hiyo tustroki ilikuwa imeegemea ukuta wa zizi, na mimi sikuwahi kufungua hata plagi.

Kama umekulia enzi ya Boxer na TVS, huenda hujawahi kuisikia tustroki, isipokuwa msumeno wa kukata miti. Boda nyingi za siku hizi ni mipigo minne: valvu juu zinafunguka na kufunga, injini inavuta, inabana, inaunguza, inatoa. Tustroki inafanya yote kwa mzunguko mmoja wa kranki. Pistoni yenyewe ndiyo mlango, inapanda na kushuka ikifunika na kufunua matundu kwenye ukuta wa silinda. Oili yake inaungua pamoja na petroli, ndiyo maana inatoa moshi wa samawati, na inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ni injini nyepesi na ina hasira. Mlimani ndiyo ilikuwa raha ya Baba.

Na dalili ilikuwa hii: haivuti. Ilikuwa inawaka, baada ya kiki kumi na tano badala ya mbili. Ilikuwa inanguruma ikisimama, kwa kukohoa. Ukiikaza sana kwenye gia ya kwanza, ikipita hapo katikati, inazinduka kidogo kama mtu aliyeitwa jina. Lakini ukiipa gia ya pili na mlima na mzigo, inalegea hadi inazima.

*

Nilianza na plagi kwa sababu kila mtu huanza na plagi. Ilikuwa nyeusi na mbichi, imelowa petroli. Nikaisugua na brashi ya waya, nikaigusisha na chuma cha injini, Mama akapiga kiki kwa mkono (hajawahi kunisamehe), na cheche ikaruka, ya buluu, nene. Moto upo.

Plagi nyeusi maana yake petroli nyingi, hewa kidogo. Hapo nikajiona mjanja. Kinangop iko juu, zaidi ya mita 2,400, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Nikamweleza Baba hayo yote wakati wa chamcha. Alitafuna kwanza akamaliza.

"Na huu mlima," akasema, "umeletwa Jumanne?"

Nikarudi nje. Nikafungua kisanduku cha kichujio cha hewa. Sifongo yake ilikuwa imelowa chepechepe, na haikuwa maji. Petroli. Niliikamua, nikanusa vidole, nikasema moyoni kwamba labda pikipiki ilianguka ubavu wakati anaisukuma. Nikaianika juani kwenye ua wa matete, ikakauka, nikairudisha.

Nataka ukumbuke hiyo sifongo.

Nikafungua kabureta. Nilifuata video mbili, moja ya Mhindi na nyingine ya mzee fulani wa Uingereza mwenye paka. Nikatoa jeti kuu, nikaiangalia dhidi ya jua, tundu likaonekana safi kama jicho la sindano. Nikaipuliza hata hivyo. Nikaangalia boya, nikaona linapanda na kushuka vizuri. Nikapuliza tundu la kifuniko cha tangi, kwa sababu likiziba, tangi linashindwa kupumua na petroli inakatika baada ya mwendo wa dakika chache. Halikuwa limeziba. Nikamwaga petroli yote nikitafuta maji chini ya chupa, hakuna. Nikashuku mafuta ya taa, ule mchezo wa vituo vya mafuta uliofanya serikali iiwekee mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Nikanunua petroli mpya kwengine. Kiki kumi na tano, na ugonjwa ule ule.

Wakati huo Baba alikuwa anakodi boda kwenda kwa ng'ombe. Mia tatu kwenda, mia tatu kurudi, mara nyingine mia nne mvua ikinyesha, na Machi hiyo mvua ilikuwa imeanza mapema. Toa hiyo kwenye elfu moja mia tano, toa bei ya mbegu, toa naitrojeni, uone kinachobaki. Alikuwa anaandika hesabu kwenye daftari lile lile la kuandikia ng'ombe. Hakunionyesha. Aliliacha tu wazi mezani.

*

Siku ya nne nikaisukuma DT hadi stejini, kwa fundi wa boda. Fundi mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, amevaa gambuti na jezi ya Gor Mahia, kitu kinachohitaji roho ngumu kule kwetu. Alikuwa hajawahi kushika tustroki. Akaiwasha, akaisikiliza ameinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya kabureta, akakitoa, akakipangusa kwenye suruali.

"Hii ni valvu, buda."

Nilicheka. Ningependa kusema nilicheka kwa upole. Nilimweleza mbele ya wenzake saba waliokuwa wamekalia pikipiki zao kwamba tustroki haina valvu, kwamba hiyo ndiyo maana yake, kwamba pistoni ndiyo inayofanya kazi ya valvu tangu wakati wa Joseph Day. Nilimtaja kabisa, Joseph Day. Vijana wakatulia. Mmoja akauliza kama huyo Day ako na duka Naivasha.

"Sawa basi," fundi akasema, hana hasira. "Wewe ndiye umesoma."

Fundi wa pili, mzee mmoja mjini Engineer kwenyewe, hakuiwasha hata. Aliiangalia kama daktari anayeangalia saa yake. Ringi, akasema. Pistoni imekwisha, silinda ichongwe upya, elfu tisa na kazi juu yake. Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, lakini njiani nikafikiria: ringi zikiisha, kiki inakuwa laini, mguu unashuka bila upinzani. Kiki ya DT bado ilikuwa inanirudisha juu kama punda. Mbano upo. Na tena, ringi huisha polepole kwa miaka. Haziishi Jumanne.

Nikabaki na ekzosi. Hii niliifanya kwa furaha kwa sababu niliielewa: oili inayoungua huacha masizi, masizi yanajaa ndani ya bomba, moshi unakosa njia, na tustroki isiyoweza kutoa moshi haiwezi pia kuingiza hewa mpya. Nikaifungua yote, nikaiweka juu ya moto wa kuni nyuma ya jiko hadi masizi yakawaka ndani kwa ndani, nikaigongagonga na mti, nikaikung'uta. Ilitoka mabonge meusi, karibu kikombe kizima. Nikayaacha pale pale kwenye jivu. Mama akauliza kama hayo ndiyo tuliyokuwa tunafundishwa.

Pikipiki ikalia kwa sauti nzuri zaidi. Nguvu, hakuna.

Ilikuwa Jumamosi sasa. Niliketi juu ya debe nikaihesabu: nina moto, nina petroli, nina mbano, nina njia ya moshi. Kwa mujibu wa kurasa zangu nane, hiyo pikipiki ilikuwa nzima.

*

Baba alinikuta hapo karibu saa moja jioni, bado nimekaa. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa pia. Mkononi alikuwa na tochi.

"Umeangalia nini?"

Nikamwambia kila kitu, kwa mpangilio. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na umeuliza ilianza lini?"

"Jumanne."

"Jumanne saa ngapi? Ilikuwa inafanya nini? Ilitoa sauti?" Alisema polepole, kama anayemwuliza mama wa ng'ombe. "Mimi nikifika kwa mtu sianzi na mnyama. Naanza na mwenye mnyama. Alikula nini, aliacha kula lini, kinyesi kikoje. Mnyama unamshika mwisho. Wewe umefungua hii kitu siku nne na mwenye kuiendesha analala nyumba hii."

Ni kweli. Sikuwa nimemwuliza. Nilidhani nikimwuliza ataniuliza.

Kwa hivyo nikamwuliza. Akasema alikuwa anapanda, gia ya pili, mzigo wa kawaida, injini ikivuta vizuri. Akasikia kitu, si kishindo, sauti ndogo tu, kama mtu amevunja kiberiti. Halafu hapo hapo ikalegea. Haikuanza kwa kusuasua. Ilikuwa nzima, halafu haikuwa nzima.

"Washa," akasema.

Niliiwasha bila kichujio, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukifunga na kukifungua. Baba akainama, akamulika mdomo wa kabureta, upande ule hewa inakoingilia. Akanyamaza muda mrefu. Akaniita na kidole.

Kwenye mwanga wa tochi kulikuwa na ukungu. Ukungu mwembamba wa petroli ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa kabureta kila injini ilipopiga, unatoka nje, unaelekea pale ambapo kichujio kingekuwa.

"Mbona inatema?" Baba akauliza.

Mikono ilianza kuniuma kwa baridi ghafla. Sifongo. Plagi mbichi. Kile kiganja cha fundi kilichopanguswa kwenye suruali. Hewa ilikuwa inapita kwenye kabureta ikiingia, inabeba petroli, halafu inasukumwa kurudi nje kupitia kabureta ile ile ikibeba petroli nyingine, halafu inavutwa tena. Ndiyo maana plagi ilikuwa nyeusi. Kitu kilichopaswa kufunga mlango nyuma ya hewa hakikuwa kinafunga.

Na kitu hicho kipo. Katikati ya kabureta na silinda, Yamaha walianza kuweka, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijisanduku chenye umbo la paa la nyumba, na juu ya paa hilo ndimi nyembamba za chuma. Pistoni ikipanda, ndimi zinafunuka, hewa na petroli vinaingia. Pistoni ikishuka, zinajifunga, mchanganyiko hauna pa kwenda isipokuwa juu, kwenye moto. Mafundi wa zamani wanaiita ridi. Jina lake kamili ni ridi valvu.

Valvu.

Ile injini ya kwanza kabisa ya Joseph Day ilikuwa na kilango cha namna hiyo hiyo cha kupokea hewa. Iko kwenye aya ya tatu ya insha yangu. Niliiandika mimi.

*

Tulifungua usiku huo huo. Kabureta ikatoka, halafu boliti za kijisanduku, halafu kikang'oka na gaskiti iliyokauka kama biskuti. Ulimi mmoja ulikuwa umevunjika pembeni, kipande kidogo kama nusu ya ukucha wa kidole kidogo. Hicho tu. Pikipiki nzima, mnyama wa kilo zaidi ya mia, ilikuwa imeshindwa na pengo ambalo ungeweza kuliziba na punje ya mahindi.

"Kipande kiko wapi?" Baba akasema.

Hilo lilikuwa swali la kutisha. Chuma kilichovunjika pale hakina njia ya kutokea nje. Kinaingia ndani. Kikiwa bado kwenye kranki, kitasaga beringi, na hiyo elfu tisa ya mzee wa Engineer itaonekana zawadi.

Tukaanza kufungua hedi. Baba alikuwa ameshika spana, mimi tochi. Nati ya tatu ilikuwa imeganda, na akiwa anaikaza nguvu, hajaniangalia, akasema:

"Na wewe, Baba? Ilianza lini?"

Mimi ni kifungua mimba, nimepewa jina la baba yake. Kwa Wakikuyu, mtoto kama huyo baba yake anaweza kumwita Baba. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nikiwa darasa la nne.

Ningeweza kujifanya sijaelewa. Nati ilikuwa inalia. Nikasema, "Mwaka wa tatu. Semista ya pili."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Insha, pesa, Thermodynamics mara mbili. Nikamwambia kwamba karo ya semista ile, ile aliyotuma kwa M-Pesa mara nne kwa vipande vipande, nilinunua hiyo laptop. Nikamwambia kwamba kazi yenyewe ilikuwa nzuri hadi mwisho wa 2022, ilipotoka ChatGPT, na ndani ya miezi michache wateja wakakatika, mmoja baada ya mwingine, hadi siku moja nikafungua akaunti nikakuta hakuna oda hata moja. Haikusuasua sana. Ilikuwa nzima, halafu haikuwa nzima. Nikamwambia nilikuwa nimebakisha kodi ya mwezi mmoja nilipopanda matatu.

Kwenye zizi ng'ombe alikuwa anacheua. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, ile ya kwanza ya matone makubwa.

Nati ikaachia.

"Shika tochi vizuri," Baba akasema. "Unamulika ukuta."

*

Kichwa cha pistoni kilikuwa na mkwaruzo mmoja mpya, unang'aa kwenye masizi, na kidonda kidogo kama alama ya msumari. Kwa hivyo kipande kilipitia pale. Kilipanda, kikagongwa, na kama bahati ilikuwepo, kikatoka na moshi kwenye tundu la ekzosi.

Ekzosi niliyoikung'uta jana yake.

Nilitoka na tochi kwenye mvua nikapiga magoti kwenye lile jivu nyuma ya jiko. Nilikuwa nalia kidogo pia, sitaficha, na mvua ilinisitiri. Mabonge yalikuwa yameanza kuwa uji. Nikayasaga moja moja katikati ya vidole, kama anayechambua maharagwe, na karibu bonge la ishirini nikasikia kitu kigumu. Pembetatu ndogo, nyeusi, imejikunja upande mmoja. Nikaipeleka ndani. Baba akaiweka juu ya ulimi uliovunjika, kwenye meza ya chakula, juu ya daftari la ng'ombe. Ikakaa sawasawa.

Akaguna. Akaenda kulala.

Jumatatu nilipiga simu duka moja Nairobi, Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ridi za DT bado zipo, akasema, unataka za chuma ama za faiba? Faiba ikivunjika haiharibu sana ndani. Nikalipa na pesa ya makala niliyokuwa nimeandikia gazeti moja la mtandaoni, yenye jina langu juu, shilingi elfu mbili, na zikabaki mia mbili. Pakiti ikaja na matatu, dereva akanipigia nimpate kwenye lami. Kuifunga kulinichukua saa moja. Baba aliketi kwenye ndoo akanitazama, hakunyoosha mkono hata mara moja, isipokuwa kuniambia gaskiti nimeiweka kinyume.

Kiki ya pili, ikawaka.

Alasiri hiyo simu ikalia, mama mmoja ng'ambo ya mto, Friesian wake ameonyesha tangu asubuhi. Baba akachukua mtungi na glavu, akaja kwenye DT, halafu akazunguka akakaa nyuma.

Mlima wenyewe si mkubwa. Unauona ukiwa bado mbali, unapinda mara moja halafu unanyooka kwenye udongo mwekundu. Niliingia na gia ya tatu na nikangoja. Moshi wa samawati ukabaki nyuma yetu, nyuki wakapandisha sauti, na pale kwenye kona, alikosikia kiberiti kikivunjika, Baba aliniegemea begani kwa mkono ule usioshika mtungi. Hakunipigapiga. Aliuacha tu hapo hadi tukafika juu. Hatujazungumza kuhusu karo tena. Daftari alilifunga, na naijua hesabu, na anajua naijua.

Tuliporudi tukapitia stejini. Nikamkuta fundi analala juu ya kiti cha Boxer, nikamwamsha, nikampa ridi ya zamani na kile kipande chake. Akavigeuza kwenye mwanga, akavipima, akajaribu kukunja ulimi mzima na kidole gumba ukarudi wenyewe.

"Inafunguka hivi, inafunga hivi," akasema.

"Eeh."

"Hewa ikirudi, inazuia."

"Eeh."

Akaniangalia. Wale wenzake saba walikuwa wameshaanza kusogea.

"Na hii inaitwa aje?"